Atoaye na Ajitoaye

Vijana wengi wakiombwa kufanya kazi ya kujitolea huuliza swali moja fupi: "Nitapata nini?" Wakubwa hulisikia swali hilo wakakunja uso, wakasema kuwa kizazi hiki kimeharibika. Mimi sikubaliani nao. Kijana aulizaye hivyo ameona mambo. Ameona jirani zake wakilima barabara ya kijiji kwa majembe yao wenyewe, na siku ya kuifungua akaja mheshimiwa kwa gari la fahari, akakata utepe, akapigiwa makofi, akaondoka na sifa zote. Ameona dada yake akifanya kazi ya ofisi miezi mingi bila malipo, akiambiwa kwamba anapata ujuzi, na mwisho wa yote nafasi ikapewa mwingine. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kuuliza. Asicho na haki nacho ni kuuliza kisha akaziba masikio kabla hajajibiwa.

Insha hii ni jibu lake. Si jibu la upole, kwa kuwa katika kulitafuta nimelazimika kugombana na watu wengi: tajiri atoaye mbele ya kipaza sauti, mtawala aamrishaye watu wajitolee, mwerevu asemaye kuwa kila kazi ya umma ni ya serikali, na hata sisi walimu. Msomaji atakayechoshwa na ugomvi ana ruhusa ya kufunga kitabu.

Tuanze na neno lenyewe, maana lugha yetu imetutangulia katika jambo hili. Kutoa ni kutenga kitu kilicho chako ukampa mwenzio. Kujitolea ni jambo jingine. Ile silabi ndogo "ji" iliyojipenyeza katika neno ndiyo ibebayo mzigo wote, kwa maana humrudisha mtoaji kwake mwenyewe na kumwambia: kitolewacho ni wewe. Mtu mwenye ng'ombe mia akitoa mmoja, ametoa ng'ombe. Mama aliyeacha palizi ya shamba lake asubuhi moja ya masika, akaenda kubeba mawe ya kujengea kisima cha kijiji, amejitoa. Na ile asubuhi hataipata tena, wala magugu ya shamba lake hayakumngoja. Wa kwanza amepungukiwa na mali, na mali hutafutwa ikapatikana. Wa pili amepungukiwa na sehemu ya maisha yake. Sisemi kuwa zawadi ya ng'ombe ni mbaya. Nasema kwamba tumezoea kuyaita matendo haya mawili kwa jina moja, na mambo mawili yanapoitwa kwa jina moja, lile lenye kelele hulimeza lile lililo kimya.

Hayo ndiyo yaliyolipata neno Harambee. Ni wito wa watu wavutao kitu kizito kwa pamoja: mmoja huita, wengine huitikia, na kamba huvutwa kwa pumzi moja. Tarehe 1 Juni mwaka 1963, siku ya Madaraka, Jomo Kenyatta aliutoa wito huo kwa taifa zima, na neno likaandikwa katika ngao ya nchi yetu, ambako lipo hata leo. Halikuwa neno tupu. Serikali ile changa haikuwa na fedha za kuwajengea shule za sekondari watoto wote waliozitaka, basi wazazi walizijenga wenyewe. Walifyatua matofali, wakapasua mbao, wakachangishana senti, wakatafuta mwalimu. Na kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari za Harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Nyingi kati yake zilikuwa dhaifu, hazina maabara wala vitabu vya kutosha, na si haki kulificha jambo hilo. Lakini huenda wewe usomaye ukurasa huu umekaa katika darasa ambalo kuta zake zilianza hivyo. Muulize mzee yeyote aishiye karibu na shule yako ni nani waliobeba mawe ya msingi.

Sasa itazame Harambee ilivyogeuka. Mahema hupigwa uwanjani. Viti vya mbele, vilivyovikwa vitambaa vyeupe, ni vya wageni. Wenyeji hukaa nyuma, na wengi wao husimama juani. Mshereheshaji hushika kipaza sauti akaanza kuita majina. Kila jina hufuatwa na kiasi cha fedha, na kila kiasi hufuatwa na makofi yaliyopimwa sawasawa nacho: shilingi mia mbili hupata makofi ya adabu, laki moja hupata vigelegele, milioni moja huwainua watu vitini. Hatimaye huja mheshimiwa, ambaye aghalabu huchelewa kwa makusudi. Hutoa bahasha yake na bahasha za marafiki zake wasiotajwa majina, kisha hukishika kipaza sauti kwa muda wa saa nzima akazungumzia uchaguzi. Jioni hesabu hufanywa. Watu waliochimba msingi wa jengo lile hawakutajwa, kwa sababu jasho halina tarakimu za kusomwa hadharani. Na fundi mmoja maskini, ambaye angeweza kutoa siku nne za useremala wake hodari, amekaa nyumbani kwake siku hiyo kwa kuona haya kwenda mikono mitupu. Hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko zote. Wito uliokusudiwa ili kila mwenye mikono aivute kamba umegeuka kuwa mnada, na katika mnada mtu mwenye mikono pekee hana la kufanya.

Ubaya huu haujafichika. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwakataza kutumia vyeo vyao kuwashurutisha watu watoe fedha za Harambee. Mwezi wa Julai mwaka 2024, baada ya maandamano makubwa ya vijana, Rais alitangaza kwamba maofisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena katika michango hiyo. Jambo likihitaji kukatazwa mara mbili katika miaka ishirini na mmoja, msomaji atajua mwenyewe jinsi katazo la kwanza lilivyoheshimiwa.

Atasimama mtu aseme kwamba jasho halinunui saruji. Ni kweli, na sina ugomvi na fedha. Nitaonyesha hapa chini kuta ambazo zisingesimama bila saruji iliyonunuliwa na watu wa mbali. Ugomvi wangu ni juu ya cheo. Fedha ikiwa mtumishi wa kazi ya watu, na ije kwa wingi. Ikija kama bwana, ikakaa kiti cha mbele na kuwasukuma wafanyakazi nyuma, basi watu watasahau kwamba waliwahi kuweza jambo bila hiyo. Nimevijua vijiji ambavyo daraja la miguu, lililotaka magogo sita na mchana mmoja wa wanaume kumi, lilikaa limevunjika miaka mitatu kwa kuwa kamati ilikuwa ikimngoja mfadhili. Watoto walivuka majini kwenda shuleni. Magogo yalikuwa pale pale msituni.

Ikiwa tajiri ameliharibu neno kujitolea kwa kelele, mtawala naye aliwahi kuliharibu kwa amri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliona kuwa udongo wa sehemu walizokaa Waafrika unachukuliwa na maji, ikaamuru watu wachimbe matuta. Kuhusu udongo haikukosea, ingawa haikupenda kuulizwa kwa nini watu wengi hivyo walikuwa wamebanwa katika ardhi ndogo hivyo. Kuhusu watu ilikosea kabisa. Katika Murang'a, ambayo siku hizo iliitwa Fort Hall, machifu waliwatoa watu wakachimbe katika siku zilizowekwa, na walioumia zaidi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta mshahara mijini na katika mashamba ya walowezi. Kulikuwa na desturi njema ya Wakikuyu iitwayo ngwatio, ambayo kwayo jirani humsaidia jirani kazi ya shamba. Amri ikavikwa nguo za desturi hiyo, na kazi ya kulazimishwa ikaitwa kazi ya jumuiya. Watu hawakudanganyika. Mwaka 1947 uchimbaji uligomewa, na mwaka uliofuata wanawake kwa maelfu waliandamana hadi bomani kusema kwamba hawachimbi tena.

Kutoka Murang'a si mbali kufika Ukambani, na huko mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Si kwamba amri hazikuwapo. Zilikuwapo, na watu walizichukia vilevile. Lakini Wakamba walikuwa na desturi yao ya mwethya: mwenye kazi kubwa huwaita jirani zake, nao huja na majembe yao, naye huwapikia, siku nyingine yeye huenda kwao. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vilipata kujichagulia viongozi, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Uhuru ulipokuja na amri zikaondoka na waliozitoa, mtu angedhani kuwa matuta yataachwa yafukiwe na mvua. Hayakuachwa. Katika miaka iliyofuata yaliongezeka, kilima baada ya kilima, bila afisa wa kuyahesabu. Wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliichunguza nchi ya Machakos wakatoa kitabu mwaka 1994. Walikuta kwamba tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na kumbe ardhi, badala ya kugeuka jangwa kama ilivyotabiriwa, ilikuwa ikitunzwa vizuri kuliko zamani.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kufurahi hapa. Aina moja ya matuta hayo, ambayo mtu huchimba mtaro akautupa udongo upande wa juu wa mteremko, hujulikana katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu. Asiyewahi kutupa udongo kuelekea mlimani na ajaribu mara ishirini tu, ndipo atakapojua ni watu wa namna gani walioyachimba matuta yale kwa maelfu ya hatua. Jembe la Murang'a na jembe la Machakos yalikuwa sawa. Tofauti ilikuwa katika kinywa kilichosema "twende".

Nisije nikafanya watu wale kuwa malaika. Hawakuchimba kwa huruma tupu. Tuta lilizuia maji, maji yakanywesha mahindi na kahawa, na kahawa ilileta karo. Kila mmoja alijua kuwa akienda kwa jirani leo, jirani atakuja kwake kesho. Basi je, huko si kutafuta faida? Ni kutafuta faida, na sioni aibu yoyote ndani yake. Waliotufundisha kuwa kujitolea ni lazima kuume, kusiwe na manufaa hata chembe kwa mtendaji, wametupotosha na kuwaogofya vijana. Mwethya haukudai mtu asahau shamba lake. Ulidai akumbuke kwamba mlima ni mmoja, na maji yatokayo katika shamba la juu hayaulizi mpaka yanaposhuka kwa jirani wa chini.

Desturi hiyo haikuishia katika matuta. Mwaka 1978, huko Utooni katika Machakos, Joshua Mukusya na jirani zake waliunda chama cha kusaidiana, na baadaye kikajulikana kwa kujenga mabwawa ya mchanga. Inafaa niyaeleze kidogo, maana ni kazi ya akili. Mito mingi ya Ukambani hutiririka siku chache za mvua, kisha hukauka miezi mingi. Watu hutafuta mahali ambapo mwamba uko karibu, wakajenga ukuta wa mawe na saruji kuukata mto. Mafuriko yajapo huleta mchanga, nao hutua nyuma ya ukuta msimu baada ya msimu mpaka pakajaa. Mgeni apitaye hapo wakati wa kiangazi ataona mchanga mtupu, adhani kazi imeharibika. Lakini maji yamejificha katikati ya chembe za mchanga; jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hapati pa kutaga, na mchanga wenyewe huyachuja. Watu huchimba kidogo wakateka, au huyatoa kwa bomba. Saruji ya kuta hizo mara nyingi hununuliwa na wafadhili. Mawe, ambayo ni mengi kupita hesabu, mchanga, maji ya kukorogea na mikono ya kupitisha karai kutoka mtu hadi mtu, hivyo hutoka kwa jirani. Na siku ukuta unapokamilika hakuna anywaye. Hungoja mvua, mara nyingine misimu kadhaa.

Hapa sasa naweza kumjibu kijana wangu. Utapata nini? Kwanza utapata maji, na usiyadharau: dada zako walikuwa wakitembea saa nyingi kuyatafuta, na saa hizo sasa wanasoma. Pili, utapata kauli. Mtu aliyepitisha karai husimama katika mkutano wa kijiji akauliza kwa nini bomba limeharibika, na hakuna awezaye kumwambia akae chini. Na tatu utapata kijiji chenyewe. Asiyejitolea huishi mahali fulani, ana nyumba na jina la mtaa, lakini kijiji hana. Siku paa lake litakapoezuliwa na upepo ndipo atakapoijua tofauti. Huenda ukasema malipo hayo ni madogo. Basi niambie ni mshahara gani uwezao kuyanunua.

Mwerevu bado hajaridhika. Husema: "Sisi hulipa kodi. Maji, barabara na zahanati ni kazi ya serikali. Wewe ukijitolea unaiondolea serikali wajibu wake, na fedha zako zinaliwa." Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni ngumu kuishinda kuliko uongo mzima. Nakubali kwamba ziko kazi zilizoitwa za kujitolea kwa sababu tu mwenye wajibu hakutaka kulipa. Tangu mwaka 2006, serikali ilipoanzisha mpango wa afya ya jamii, wanavijiji wengi, na hasa akina mama, walitembea nyumba hadi nyumba wakiwatazama watoto, wakiwashauri wajawazito, wakiwakumbusha wagonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa. Kwa miaka mingi wengi wao hawakupewa kitu ila fulana. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 watu wapatao laki moja wa kazi hiyo walitangazwa kuwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wakapewa vifaa, wakaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Nilisema siku ile kwamba ni kidogo na kimechelewa, na nasema hivyo hata sasa. Kazi imtakayo mtu juma baada ya juma, kwa taratibu zilizopangwa na mkubwa alipwaye mshahara, ni ajira, na mwenye kuiita kujitolea anaiba.

Lakini mwerevu huyu ataka kutoka hapo arukie neno jingine, kwamba basi mtu asifanye lolote hadi alipwe. Na amtazame Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, kazi iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Wanawake walipata malipo madogo kwa kila mche uliotunzwa ukashika. Yalikuwa ya kutia moyo, wala hayakulingana na taabu ya kuchota maji na kufukuza mbuzi. Je, wanawake hao waliifichia serikali uvivu wake? Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilipokusudia kusimamisha jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, aliyesimama kulipinga hakuwa yule mwerevu aliyekaa akihesabu kodi zake. Alikuwa Wangari. Alitukanwa bungeni na kudhihakiwa magazetini, lakini jengo lile halikujengwa, na mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Yeye na wenzake walikuwa wamezoea kuuliza ni nani aliyekata mti huu, kwa sababu walijua gharama ya kuuotesha. Mtu asiyegusa kitu hana uchungu nacho, na mwenye mamlaka humwogopa mwenye uchungu kuliko mwenye maneno.

Husemwa pia kuwa Wakenya hatuna haja ya kufundishwa mambo haya, kwa kuwa moyo wa kusaidiana tumezaliwa nao. Ushahidi utolewao ni wa kweli. Tarehe 7 Agosti mwaka 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na kuua watu zaidi ya 200, wapita njia walipanda juu ya kifusi wakafukua kwa mikono yao. Magari ya watu binafsi yaligeuka kuwa ya wagonjwa. Watu walipanga foleni kutoa damu. Hakuna aliyeuliza atapata nini, wala waliofukuliwa hawakuulizwa kabila. Naliheshimu tukio lile. Hata hivyo nitasema jambo ambalo huenda likaudhi: siku ya msiba mkubwa kujitolea ni rahisi. Moyo wenyewe humsukuma mtu. Kazi ngumu ni ya Jumanne isiyo na habari, ambapo mama anayejifungua hospitalini anahitaji damu vilevile, na foleni haipo.

Nimewafikia walimu, nami ni mmoja wao. Mtaala wa umilisi umeifanya huduma kwa jamii kuwa sehemu ya masomo ya sekondari ya juu. Nia ni njema. Lakini shule ina ugonjwa wake wa kugeuza kila kitu kuwa alama, na nimeanza kuona dalili. Mwanafunzi huuliza ni saa ngapi zinatosha. Mzazi hutafuta mahali ambapo mwanawe atapigwa muhuri upesi. Mwalimu hutaka picha za kubandika ukutani, ili mkaguzi akija azione. Tukiendelea hivyo tutakuwa tumeunganisha makosa yote niliyoyataja: amri ya bwana shauri na kelele ya mheshimiwa, vikavaa sare ya shule.

Nasema haya kwa kuwa nilishiriki. Miaka kadhaa iliyopita niliwaongoza wanafunzi arobaini wa shule moja, ambayo sitaitaja, kwenda kumtembelea nyanya mmoja aliyeishi peke yake chini ya mteremko, nyuma ya uwanja wetu. Tulikwenda na gunia la unga, sabuni, na fulana mpya zilizoandikwa jina la shule. Picha ilipigwa mara tatu, kwa maana katika ile ya kwanza bango letu halikuonekana na katika ya pili nyanya alikuwa ametazama kando. Tukaimba. Tukaomba. Hatukumaliza saa moja. Tulipokuwa tukiaga, nyanya alimshika mkono msichana mmoja akauliza, "Mtarudi lini, wajukuu wangu?" Msichana akanitazama mimi. Mimi nikaitazama saa yangu nikasema kwamba basi la shule linangoja, ingawa tulikuwa tumekuja kwa miguu.

Gunia la unga lilikuwa la kilo tisini. Tuliliacha mlangoni, naye hakuwa na nguvu za kulisogeza, na usiku ule mvua ilinyesha. Kitu alichokuwa akikihitaji kilikuwa maji. Bomba lilikuwa kule juu, karibu na lango letu, na sisi tulikuwa tumelipita tukiwa mikono mitupu, arobaini wetu.

Hayo sikuyajua kwa busara yangu. Niliambiwa na msichana yule majuma mengi baadaye, nilipomkuta Jumamosi moja pamoja na mwenzake wakiteremka na mitungi miwili. Nikamuuliza nani aliyewatuma. Akasema, "Hakuna, mwalimu." Walikuwa wakienda kila Jumamosi tangu juma lile la kwanza; walichota maji, walifagia, wakamsomea barua za mwanawe aliyekuwa Mombasa. Hawakuandika saa zao popote. Walipofika kidato cha nne na mtihani ukakaribia, walikuja na wadogo wawili wa kidato cha pili, wakawaonyesha njia na mahali pa kuweka mitungi, kisha wakaacha kwenda.

Nyanya hakulijua jina la shule yetu, ijapokuwa lilikuwa limeandikwa kwenye fulana arobaini. Macho yake yalikuwa yamefifia. Wasichana wale aliwajua kwa sauti, na kila Jumamosi, kabla hawajafika, alikuwa amekwisha kutoa vigoda viwili nje ya mlango.